Kuhesabu Uzuri

Mtu aliyekulia karibu na Ikweta hajawahi kuuona upinde wa mvua saa sita mchana akiwa kwao, labda awe alisimama juu ya jabali akitazama manyunyu ya maporomoko ya maji chini yake. Mvua yaweza kunyesha huku jua linawaka, ile mvua ambayo kwingine watoto huambiwa simba anazaa na kwingine fisi, na bado upinde usionekane. Ukisimama mahali tambarare Mombasa au Dar es Salaam, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi karibu na saa tisa alasiri utautafuta bure. Asubuhi na mapema hutokea upande wa magharibi, jioni upande wa mashariki, na mara zote anayeuona huwa amelipa jua kisogo.

Wengi wetu tumeishi na jambo hili miaka yote bila kuliona, ingawa tumeutazama upinde mara nyingi na kuusifu. Sababu yake ni namba moja: 42. Nuru ya jua ikiingia katika tone la mvua hupinda, hugonga ukuta wa nyuma wa tone, hurudi, na inapotoka hupinda tena. Vuta mstari kutoka juani, upite kichwani mwako, ushuke hadi kwenye kivuli cha kichwa chako. Miale myekundu hukujia kwa wingi kutoka kwenye matone yaliyo nyuzi 42 hivi kando ya mstari huo, na ya zambarau kutoka nyuzi 40 hivi. Kivuli cha kichwa chako, basi, ndicho kitovu cha upinde. Jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, duara lote linakuwa limezama chini ya ardhi. Kwetu jua la adhuhuri halishuki kufikia kiwango hicho mwezi wowote wa mwaka. London, mwezi wa Desemba, jua la saa sita mchana hufika nyuzi 15 tu, kwa hiyo Mwingereza anaweza kujaliwa kuuona upinde saa yoyote ya mchana wa baridi.

Kuna lingine. Kila tone hukuletea rangi moja tu kwa wakati mmoja. Tone linalokupa wekundu likianguka kidogo litakupa manjano, kisha kijani, kisha litapita. Jirani yako aliyesimama hatua mbili kando ana kivuli chake na mstari wake, kwa hiyo ana matone yake. Mnapounyooshea kidole pamoja na kusema "tazama ule", kila mmoja anaonyesha upinde ambao mwenzake hauoni.

Sasa swali linalostahili kuulizwa, kwa sababu wapo waliouliza kwa hasira: nilipokueleza haya, nimekuongezea kitu au nimekunyang'anya?

Tarehe 28 Desemba 1817, mchoraji Benjamin Robert Haydon aliwaalika marafiki nyumbani kwake London. Walikuwepo washairi William Wordsworth na John Keats, na mwandishi wa insha Charles Lamb. Haydon alikuwa akichora picha kubwa ya Yesu akiingia Yerusalemu, na katika umati wa watazamaji alikuwa amemweka Isaac Newton, mwanasayansi aliyekufa mwaka 1727. Divai ilipokolea, Lamb akaanza kumwandama mwenyeji wake: Newton anatafuta nini pale? Yeye na Keats wakakubaliana kwamba Newton ameumaliza ushairi wote wa upinde wa mvua kwa kuushusha hadi rangi za kipande cha kioo. Kisha wakanyanyua bilauri, wakamtakia Newton afya na hisabati maangamizi. Mwaka 1820 Keats aliirudia lawama hiyo katika shairi lake refu, Lamia: kwamba elimu ya maumbile, ambayo enzi zile iliitwa falsafa, huyavua mambo miujiza yake.

Ni rahisi kumcheka Keats, na si haki. Alisomea utabibu katika hospitali ya Guy's, na mwaka 1816 alipata leseni ya kutibu na kutengeneza dawa. Aliijua sayansi kwa mikono yake kuliko wengi wanaomcheka. Na hofu yake ina msingi, kwa maana ipo elimu inayoua uzuri. Mwanafunzi anayekariri majina ya rangi saba kwa mpangilio, akaandika jibu, akapata alama zake, anaweza kumaliza shule bila kuutazama upinde kwa utulivu hata mara moja. Amepewa jina, akadhani amepewa kitu chenyewe. Maelezo yanayofunga mazungumzo huacha mahali pakavu. Ila ukavu huo hauletwi na hesabu, kwa sababu mashairi nayo hufundishwa namna hiyohiyo: taja vina, taja mizani, taja tamathali, funga daftari.

Lawama ya Keats ina dosari nyingine, nayo ni ya historia. Inachukulia kwamba wapimaji walikuwa upande wao na wapenda uzuri upande wao, mpaka siku Newton alipovuka mpaka. Mambo hayakuwa hivyo. Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo, aliandika mwanzoni mwa karne ya 11 kitabu kikubwa kuhusu nuru na kuona, Kitab al-Manazir. Katika kitabu hichohicho kinachochunguza njia za miale na muundo wa jicho, kuna sehemu inayohusu uzuri. Anaorodhesha mambo 22 ambayo jicho huyatambua: nuru, rangi, umbali, umbo, ukubwa, mwendo, kivuli na mengineyo, na ndani ya orodha hiyo uzuri umo, na ubaya umo. Kisha anaonyesha namna sifa hizo zinavyoweza kuzaa uzuri, kila moja peke yake. Jua na mwezi hupendeza kwa nuru, maua kwa rangi. Mwishowe anafika kwenye analolipa uzito kuliko yote, yaani ulinganifu. Mwandiko, anasema, hauwi mzuri mpaka herufi zichukuane kwa umbo, ukubwa, nafasi na mpangilio. Hali kadhalika, macho mazuri na pua nzuri havitoshi kufanya uso mzuri kama haviendani.

Kwa mtu huyu, kuuchunguza uzuri ilikuwa sura mojawapo ya kuichunguza nuru. Hakuomba radhi kwa kuviweka pamoja, kwa kuwa hapakuwa na aliyekuwa amevitenga.

Upinde wa mvua, hata hivyo, ulimshinda. Karibu miaka 300 baadaye Mwajemi Kamal al-Din al-Farisi, alipokuwa akikifafanua na kukisahihisha kitabu hicho, alichukua tufe la kioo akalijaza maji, akaliweka katika chumba chenye giza, akaruhusu mwanga uingie kidogo. Tone la mvua ni dogo mno na halisimami litazamwe. Tufe lake lilikuwa tone moja kubwa lililokubali kutulia. Humo aliifuata nuru ikiingia, ikirudi na kutoka. Wakati uleule huko Ulaya mtawa Mjerumani, Theodoric wa Freiberg, alifanya jaribio la namna hiyohiyo, na hakuna dalili kwamba mmoja alipata habari za mwenzake. Hesabu za pembe zilikamilishwa na René Descartes mwaka 1637, na habari ya rangi ikaelezwa na Newton.

Litazame vizuri lile tufe la kioo. Farisi alihitaji kitu kimoja kisimame badala ya kingine, kidogo kiwe kikubwa, chenye haraka kipunguziwe mwendo, ili macho yapate nafasi. Mchongaji na mtunzi wa hadithi hufanya kazi hiyohiyo kila siku. Kabla hajahesabu chochote, Farisi alikuwa ameshabuni taswira.

Na mshairi naye, kabla ya kuiombea hisabati maangamizi, avitazame vidole vyake. Mshairi wa mapokeo ya Kiswahili ni mtu wa kuhesabu. Chukua mshororo huu, nimeutunga kwa ajili ya mfano tu:

Jua likipanda juu, upinde hatuuoni.

Uhesabu. Ju-a-li-ki-pa-nda-ju-u: mizani 8. U-pi-nde-ha-tu-u-o-ni: mizani 8. Ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo, vimelingana, mshororo umefika 16. Sasa badilisha neno moja, sema "jua linapopanda juu". Maana ni ileile kabisa, hakuna msomaji atakayepata habari tofauti. Lakini kipande cha kwanza kimekuwa na mizani 9, na sikio lililolelewa katika mashairi limeshajikwaa kabla akili haijajua kwa nini. Mwimbaji akijaribu kuughani mshororo huo atalazimika kuimeza silabi moja au kuikimbiza.

Endelea na mshororo wa pili. Kina cha kati sasa kinanidai sauti ya -u, cha mwisho kinanidai -ni. Nikatafuta, nikapata:

Hata wingu liwe kuu, likitanda toka pwani.

Wingu kuu sikuwa nalo akilini nilipoanza, wala pwani. Vimeletwa na kina. Kila mtunzi anaijua hali hii: sharti linalokubana ndilo linalokupeleka mahali ambapo usingefika ukiwa huru. Hesabu haikuja baada ya uzuri kuupima na kuuchafua. Ilikuwepo tangu mwanzo, ikishiriki kuutafuta.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, akaziweka kando sheria za vina na mizani. Ugomvi uliozuka kati ya wanamapokeo na wanamabadiliko unajulikana, na sina haja ya kuamua kesi hiyo hapa. Ninachokiona ni kwamba kila upande ulikuwa na haki juu ya jambo moja. Wanamapokeo walijua kwamba bila sharti hakuna sanaa. Wanamabadiliko walijua kwamba shairi laweza kutimiza mizani na vina vyote na likawa maiti iliyovishwa vizuri. Kezilahabi hakutunga bila sharti lolote: mshororo unakatwa wapi, ukimya unakaa wapi, neno gani linarudi na lipi halirudi, yote hayo yana mantiki yake. Tofauti ni kwamba kila shairi lake hujiwekea sheria yake lenyewe, na msomaji huijua kwa kuisoma.

Hapa ndipo njia za sanaa na sayansi zinapoachana, na ni muhimu kupaona, kwa sababu siku hizi ni mtindo kusema kwamba ni kitu kimoja, tukapigana mabega na kwenda zetu. Kezilahabi alipoziacha mizani 16, ulimwengu haukumbishia. Waliombishia walikuwa watu. Lakini hakuna mwanafizikia, awe na kipaji cha namna gani, anayeweza kuamua kwamba kuanzia kesho wekundu wa upinde utoke kwenye nyuzi 50. Msanii huichagua sheria yake na kuwa mwaminifu kwayo. Mwanasayansi huikuta sheria imeshakaa, na uaminifu wake ni kuikubali hata ikimuudhi.

Kati yao wapo mafundi, ambao sheria zao nusu wamezikuta na nusu wamezichagua. Katika nyumba za mawe za Lamu, dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti hizo, na uzito wa mawe ya matumbawe na chokaa juu yake, haukuruhusu chumba kuwa na upana zaidi ya mita 3 hivi. Huwezi kubishana na boriti. Mafundi wakakirefusha chumba kwa kuwa hawakuweza kukipanua, wakavipanga vyumba kimoja nyuma ya kingine kuelekea ndani, na katika ukuta wa ndani kabisa, ambako mwanga hufika umechoka, wakajenga kwa chokaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu. Anayeingia huona kina ambacho chumba hakina. Asiyejua habari ya boriti ataisifu nakshi, na atakuwa hajakosea. Anayejua ataona zaidi: jibu lililotolewa kwa hoja ngumu ya mti, bila manung'uniko.

Nadhani hilo ndilo tunalolipenda katika vitu vyote hivi, na ndilo ninalotaka kulisema kuhusu uzuri. Uzuri hutokea pale ambapo kitu kingeweza kuonekana kimefungwa, nacho kikaonekana kiko huru. Mshororo una mizani 16 kamili na unasikika kama mtu anazungumza. Chumba kimebanwa na boriti na kinaonekana kimepangwa hivyo kwa kupenda. Nuru inatii pembe zake bila kukosea hata kidogo, na juu ya Mlima Meru jioni inaonekana kama imejitokea tu. Asiyeiona sheria, yule anayeona uhuru peke yake, anapata nusu ya furaha. Na asiyeona ila sheria anapata nusu nyingine, iliyo kavu zaidi. Keats aliogopa nusu ya pili, akadhani dawa ni kubaki katika ya kwanza.

Lakini lazima niseme pia upande wa hatari, kwa sababu uzuri si shahidi wa kuaminiwa kila mara. Kiswahili kina methali mbili kuhusu jambo hili ambazo hazipatani. Moja husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyingine hutuonya na uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Historia ya sayansi imezithibitisha zote mbili, wakati mwingine kwa mtu yuleyule.

Tuanze na Newton mwenyewe, yule aliyeshtakiwa kwa kuufukuza ushairi. Mwanzoni, alipoutazama mfululizo wa rangi ukutani, alitaja rangi kuu 5. Baadaye akaongeza rangi ya machungwa na nili, zikawa 7. Hakuwa amegundua rangi mpya. Alitaka rangi zilingane na ngazi ya muziki yenye sauti 7, na katika kitabu chake Opticks cha mwaka 1704 duara lake la rangi limegawanywa kwa vipimo vya sauti hizo. Katika upinde wenyewe hakuna mipaka. Wekundu huyeyuka ukawa manjano, manjano ikawa kijani, na ukihesabu 5 au 20 ni shauri lako. Wale marafiki waliokunywa kwa maangamizi ya hisabati huenda hawakujua kwamba ndani ya hesabu za adui yao alikuwa amejificha mpenda ulinganifu wa muziki, tena huyo ndiye aliyemkosesha. Watoto wetu bado wanazikariri 7.

Kisa cha Johannes Kepler ni kizito zaidi. Mwaka 1596, akiwa mwalimu kijana wa hisabati huko Graz, alitoa kitabu kilichodai kueleza kwa nini sayari ni 6, kwani ndizo zilizojulikana wakati ule. Tangu Wagiriki ilijulikana kwamba yapo maumbo 5 tu ambayo nyuso zake zote ni sawa na pembe zake zote ni sawa. Kepler aliyapachika moja ndani ya jingine, na katika nafasi zilizobaki akaziweka njia za sayari 6. Umbo zuri, sababu safi, idadi imetimia. Lilikuwa wazo la kupendeza mno, na halikuwa kweli. Leo tunajua sayari nyingine, na maumbo yale hayana habari nazo.

Kisha akapata vipimo vya sayari ya Mirihi vilivyokusanywa na Tycho Brahe, mtu aliyepima anga kwa macho matupu kwa usahihi usio na mfano enzi zake. Kepler alijenga njia ya Mirihi kwa duara, kama wanajimu wote waliomtangulia walivyofanya, kwa kuwa duara ndilo umbo kamilifu na mbingu hazistahili pungufu ya hapo. Hesabu yake ilikosana na vipimo kwa dakika 8 za pembe. Dakika hizo ni chini ya theluthi ya upana wa mwezi mpevu angani. Angeweza kuzifumbia macho. Wengine wengi walikuwa wamefumba kwa makosa makubwa kuliko hayo. Akakataa. Akaliacha duara, na baada ya kazi ya miaka akafika kwenye duaradufu, matokeo aliyoyachapisha mwaka 1609. Mwaka 1687 Newton alionyesha kwamba duaradufu hiyo hutokana na nguvu moja inayopungua kwa mraba wa umbali. Uzuri uliotupwa kwa sababu ya dakika 8 ulirudi kwa mlango mwingine, na safari hii ulikuwa wa kweli.

Na kwa kuwa Kepler alikuwa binadamu, yale maumbo yake 5 hakuwahi kuyaacha kabisa. Mwaka 1621 alikitoa tena kitabu kile cha ujana.

Kwa upande wa kizuri chajiuza, yupo mwanafizikia Paul Dirac. Mwaka 1928 aliandika mlinganyo wa elektroni uliopatanisha nadharia mbili ambazo zilikuwa hazisikilizani, na mlinganyo huo ukatoa majibu mengi kuliko maswali yaliyoulizwa: ulidokeza chembe pacha ya elektroni yenye chaji ya kinyume, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Mwaka 1932 Carl Anderson alizipiga picha nyayo zake. Dirac alikuja kuandika kwamba mlinganyo kuwa mzuri ni muhimu kuliko kuafikiana na majaribio. Kwake yeye ulikuwa ushauri mwema. Lakini wanafizikia waliamini pia, kwa mapenzi yaleyale ya ulinganifu, kwamba maumbile hayatofautishi kulia na kushoto, mpaka jaribio la Chien-Shiung Wu kwa kobalti, matokeo yake yakatangazwa mwaka 1957, lilipoonyesha kwamba katika mnunurisho wa aina fulani hutofautisha.

Hata makubaliano juu ya kipi ni kizuri ni ya mashaka. Mwaka 2014 watafiti wa London waliwaonyesha wanahisabati 15 milinganyo 60 na kupima ubongo wao ukitazama. Milinganyo waliyoiona mizuri iliamsha sehemu ileile ya ubongo inayoamshwa na muziki na picha nzuri. Hilo ni jibu la kuwafariji wanaosema hisabati ni kavu. Lakini mlinganyo uliopewa alama za chini kabisa ulikuwa mfululizo wa Srinivasa Ramanujan wa kuitafuta pai, mrefu, wenye namba kubwa zinazoonekana kuokotwa njiani. Mwaka 1985 mfululizo wa Ramanujan wa aina hiyo ulitumiwa kukokotoa tarakimu milioni 17 za pai. Anayejua unafanya kazi gani, na kwa kasi gani, huenda asiuone mbaya. Macho ya uzuri hukua pamoja na ujuzi, kama sikio la mizani, na ndiyo maana hayawezi kuwa hakimu wa mwisho: yenyewe bado yanasoma.

Kwetu kijana hufikishwa mapema kwenye njia panda. Huambiwa achague mchepuo, sayansi au sanaa, na tangu siku hiyo watu humsemea: huyu ni wa hesabu, yule ni wa maneno. Mgawanyo wa vipindi hauepukiki, kwa kuwa hakuna anayeweza kusoma yote. Kisichohitajika ni ile imani inayokuja nayo, kwamba wa hesabu hana haja ya kujali kama kitu kinapendeza, na wa maneno hana haja ya kujali kama ni kweli.

Kila mmoja ana la kujifunza kwa mwenzake, na si lile linalosemwa kwenye hotuba. Mwanasayansi ajifunze kwa mshairi kwamba kupata jibu ni nusu ya kazi. Hoja iliyo sahihi na yenye kupinda bila sababu inadai kuandikwa upya, mpaka msomaji aone kwa nini haikuweza kuwa vingine, na kuandika upya huko mara nyingi ndiko kunakofichua kosa au ugunduzi. Mshairi naye ajifunze kwa Kepler zile dakika 8. Kila mwandishi ana mshororo mtamu aliouandika zamani, wenye vina vyote, unaosifiwa na watu, na ambao moyoni anajua kwamba hausemi kweli: machozi hayakuwa mengi kiasi kile, mpenzi hakuwa malaika, taifa halikuwa bustani. Hakuna chombo cha kupima kosa hilo, na hakuna Tycho Brahe atakayeleta jedwali. Anayejua ni yeye peke yake, na kuufuta ni juu yake.

Na mara nyingi, mshororo huo ukishafutwa, sharti la mizani hubaki likidai neno jingine mahali pake.